Saa ya Ukutani Iliyokuwa Yai

Wodini, 12 Februari

Shikamoo Bi Mkubwa,

Nakuandikia nyuma ya karatasi ya dawa, unisamehe. Leo sitafika dukani, na kesho sidhani. Bonge amelazwa tangu jana. Kile kikohozi nilichokuambia ni mafua tu, kumbe kifua kimejaa. Wamemwekea mpira wa hewa puani na anachomwa sindano asubuhi na jioni. Halii hata. Hicho ndicho kinachonitisha, maana wewe mwenyewe unajua kelele zake akinyang'anywa kalamu yako.

Ile mitihani ya darasa la nne iko kwenye mashine. Bado maswali mawili ya mwisho sijayachapa.

Halafu nakuomba kitu. Yule dereva wa lori la kambini, Honi, akipita kuulizia mzigo wetu, usimwambie. Mwambie niko nyumbani nafua. Baba Bonge amebakiza kidogo tu amalize awamu ya kwanza ya bwawa apewe cheti chake cha uchomeleaji. Akisikia mtoto amelazwa atapanda lori hilohilo na glavu mkononi. Namjua. Cheti ameshakikosa mara moja kwa ajili yangu, nilipokuwa na mimba. Sitaki mara ya pili.

Mwanao,
Mama Bonge


Dukani, 13 Februari

Marahaba mwanangu,

Mitihani nimeimalizia mwenyewe, na nimekosea palepale unapokosea wewe siku zote, kwa hiyo mwalimu hatajua tofauti.

Honi amepita. Nimemwambia unafua. Akaniuliza, "Tangu juzi? Kwani anafulia jeshi?" Nikacheka ili asinitazame usoni. Lakini mimi uongo siuwezi mara mbili, jasho linanitoka. Mwambie mumeo. Mtoto ni wa watu wawili.

Supu iko kwenye chupa hiyo. Kunywa wewe, mgonjwa akikataa. Akipona tutazungumza namna ya kufanyia kazi nyumbani, maana hapa dukani vumbi la karatasi halimfai.

Ni mimi,
Bi Mkubwa wako


Nyumbani, 3 Machi

Baba Bonge wangu,

Kabla ya lolote, pokea busu la mwanao. Nimemgusisha mdomo hapo chini kwenye kona, utaona karatasi imejikunja palipoloa.

Sisi wazima. Bonge anakula, analala, na hana fujo siku hizi, amekuwa mtoto wa kukaa na kuangalia. Upande wako wa kitanda nimepanga nguo zilizokunjwa, ili nikigeuka usiku nisikute patupu. Usicheke. Juzi nimeamka nimekumbatia suruali yako ya kazi, bado ina harufu ya chuma.

Sasa sikiliza habari. Bi Mkubwa amekubali nichapie nyumbani! Mashine yake ya zamani ananipa, lile boksi lenyewe pamoja na kibodi. Kilichokosekana ni kioo, maana kile cha mashine hiyo kimekufa, kinaonyesha mistari kama shati la mfungwa. Kioo nijinunulie mwenyewe. Basi nikaenda kwa fundi wa kompyuta pale kona, yule mwenye miwani iliyofungwa waya.

Anavyo viwili vilivyotumika, na bei yao ni moja. Kimoja ni kama mraba, kimekaa wima kidogo. Kingine ni kipana, kimelala kama benchi. Nikamwambia nipe kikubwa. Akasema vyote ni inchi kumi na tisa. Nikamwambia, fundi, mimi shule niliacha mapema lakini macho ninayo, hivi haviwezi kuwa sawa. Akachukua futi ya kushonea akaivuta kutoka kona ya chini mpaka kona ya juu, mshazari. "Dada, wanapima hivi. Ni kama mtu akutangazie mchumba wa futi sita, asikuambie kama ni mwembamba au ni pipa."

Halafu akanipa kioo cha kukuzia nikachungulia. Baba Bonge, ile picha yote ni vidoti! Vimejipanga kama shanga kwenye kitambaa. Cha mraba kina vidoti 1280 kwenda pembeni na 1024 kwenda chini. Kipana kina 1366 kwenda pembeni, lakini kwenda chini ni 768 tu. Kwa hiyo kipana ni kirefu cha kulala na kifupi cha kusimama. Nikirudi kwa mraba naona kazi yangu, nikirudi kwa kipana naona uzuri. Nimekaa pale mpaka fundi akaniuliza kama nataka na godoro.

Wewe ndiye unayejua vipimo. Nichukue kipi?

Kwenye bahasha kuna flashi. Bi Mkubwa ameturekodi dukani kwa ile kamera yake ndogo ya zamani, mimi na Bonge tumekaa chini ya saa ya ukutani. Mwombe karani wa kambini akufungulie kwenye kompyuta yake. Nimevaa gauni la maua. Angalia mpaka mwisho, kuna mahali Bonge anasema jina lako.

Kila jioni nasikiliza barabarani. Honi akiwa na barua yako anapiga honi moja fupi, kama mtu anayekohoa mlangoni. Nimeshazoea kuisubiri hiyo fupi kuliko chakula.

Mkeo,
Mama Bonge


Kambini, 15 Machi

Mama Bonge, mke wangu,

Leo mimi ni mfalme hapa kambini. Acha nikusimulie.

Karani aliniita ofisini baada ya kazi, na wapishi wawili wakajipenyeza, na mlinzi akaacha geti lake. Akachomeka flashi. Mama yangu! Nilikuwa nawakumbuka nyinyi vijitu viwili vyembamba pale mlangoni siku naondoka. Kumbe nimeacha watu, nimewakuta matajiri! Bonge ana mashavu kama maandazi yaliyokubali hamira. Mlinzi akauliza, "Huyu mtoto mnamlisha saruji?" Na wewe! Nilikuacha mwembamba kama fito ya kuchomelea, sasa una mabega, una shingo, gauni la maua limejaa. Nilitaka kuwafukuza wote ofisini nibaki nalo hilo gauni peke yangu.

Nitakuambia ukweli. Tangu nije huku nilikuwa nalala na hofu. Nakula wali wa kambi, najiuliza nyinyi mmekula nini. Nikiamka nawaza, je, Bonge ana homa? Je, kuna mtu wa kukushikia mtoto ukienda bombani? Jana nimelala fofofo. Wameniamsha kwa kunivuta mguu.

Kuhusu kioo, usihangaike. Chukua kipana! Cha karani ni kipana, ndicho kilichonionyesha haya yote. Picha inakijaza kona hadi kona. Macho ya karani ni mabovu, kwa hiyo amekiwekea maandishi makubwa kama ya bango la sinema, hata mimi nasoma nikiwa mlangoni. Wanasema mwezi wa sita watasimika mnara wa mtandao hapa. Tukiwa na vioo vipana huku na huko, tutazungumza ana kwa ana, wewe na Bonge mtakaa pamoja na hakuna atakayekatwa bega.

Hapo ndipo penye jambo. Msimamizi anataka majina ya awamu ya pili. Ni mwaka mzima mwingine. Nilikuwa nimeamua kukataa. Lakini kwa nilivyowaona mmenawiri hivyo, roho imetulia. Mwisho wa kusaini ni tarehe ishirini Aprili. Sema neno.

Na mimi nimejirekodi kidogo kwa simu ya mpishi, iko kwenye flashi hiyohiyo. Usiucheke mwandiko, naandikia gotini.

Mumeo,
Baba Bonge


Nyumbani, 26 Machi

Baba Bonge,

Ile moja fupi niliisikia nikiwa na sabuni usoni, nikatoka hivyohivyo. Honi akasema, "Shemeji, barua haikimbii." Nikamwambia, wewe hujawahi kuisubiri.

Umesema tumenenepa. Nilijitazama kwenye kioo cha kabati, mbele na nyuma. Basi, kama wewe umeona hivyo, mimi ni nani nibishane na macho yako? Nimefurahi umelala. Hilo la kulala nimelisoma kwa sauti ili Bonge asikie.

Mambo ya mkataba niliyaweka pembeni kwanza, nikaenda kukuangalia wewe. Kwa nini umeshika simu wima? Kwenye kioo cha dukani ulitokea katikati kama mtu anayechungulia kwenye mlango uliofunguliwa nusu, na kulia na kushoto ni weusi mtupu. Nilikuona kuanzia paji la uso mpaka kifuani, bega la kushoto kidogo, basi. Nilitaka kuusukuma ule weusi kwa kiganja. Bi Mkubwa akasema, "Utanivunjia kioo, huyo hatoki." Mkono wako wa kulia sikuuona kabisa, ule unaonipungia kila siku. Umepunga kwa kushoto. Na herufi za barua yako zimelala upande kama zimechoka. Goti lako limekuwa mlima?

Kuhusu vioo, fundi amenivumilia. Amenifungulia ukurasa uleule kwenye vyote viwili. Kwenye kipana naona juu ya ukurasa, sioni chini. Swali liko huku, majibu yako kule, nakaa kuupandisha na kuushusha kama ndoo ya kisimani. Kwenye cha mraba ukurasa unakaribia kuonekana wote, kichwa mpaka miguu. Fundi akasema, "Dada, kwa kazi yako, vidoti vya kwenda chini ndivyo vitakavyokulisha. Vya pembeni ni vya sinema."

Lakini kipana ndicho chenye nafasi ya watu wawili, kama ulivyosema. Nikikaa mbele yake naanza kupima: mimi hapa, Bonge hapa, na wewe kule upande wa pili ukitutazama. Mwaka mzima wa kutazamana. Nikifika hapo mkono unakataa kukibeba.

Kuhusu kusaini sijui niseme nini. Wewe ndiye unayeijua kazi yako. Bonge amejifunza kupanda kwenye stuli, anashuka kwa kuanguka.

Ni mimi,
Mama Bonge


Kambini, 7 Aprili

Mke wangu,

Hii barua naisema mimi na anaiandika karani, kwa sababu kazi ni nyingi na muda wa kukaa sina. Usione ajabu mwandiko mzuri.

(Mimi karani: nashukuru kwa sifa, shemeji.)

Nimefikiri sana. Nikisaini, mwaka ukiisha tutakuwa na pa kuanzia. Awamu ya pili wananibadilishia kazi, nitatunza stoo, nikae kivulini, nihesabu vyuma. Nimekuwa mzee, unaona. Kila Jumapili karani ananifungulia ile video yenu. Bonge akifika pale anaposema jina langu, mimi namjibu. Wapishi wananicheka.

(Karani tena: anajibu kwa sauti kubwa, na mimi nina kazi za watu hapa.)

Basi nitasaini siku yenyewe, tarehe ishirini, kama hutanizuia. Chukua kile kipana, mama. Mkiwa na afya hivyo mimi naweza kuvumilia. Ningewaona mmekonda hata kidogo nisingeweza.

Sema na Bonge ale.

Mumeo,
Baba Bonge

(Hapa amefika mlangoni, akarudi, akasema niandike "nawakumbuka". Nimeandika.)


Nyumbani, 11 Aprili

Baba Bonge,

Soma barua hii peke yako. Kama ni karani anayekusomea, basi karani shikamoo, soma polepole wala usiruke.

Jana nilikwenda kwa fundi kuchukua kioo kipana. Nilikuwa nimeamua. Nilibeba mpaka shuka la kukifungia. Wakati anapangusa vumbi nikamsimulia ulivyotuona huko, mashavu, mabega, gauni limejaa. Fundi akaacha kupangusa. Akaniuliza, "Hicho kioo cha huko ni kipana? Na maandishi yake ni makubwa sana?" Nikasema ndiyo, makubwa kama ya bango, karani macho yake mabovu. Akasema, "Una hiyo video?" Ninayo, Bi Mkubwa alininakilia.

Akawasha kile kipana. Akaingia kwenye mipangilio akashusha zile namba, akaweka 1024 kwa 768, za zamani. Maandishi yote yakavimba. Akafungua video.

Baba Bonge, nilimwona Bonge. Yule wa mwaka jana. Mashavu yote mawili, mikono ina vikunjo, shingo hakuna. Niliruka nikamgusa kwenye kioo. Nilicheka, nikalia, fundi akahangaika anitafutie kiti.

Akasema, "Dada, tulia uangalie. Ile kamera ya dukani inapiga picha karibu na mraba. Mtu akiweka namba za mraba kwenye kioo kipana, kioo hakina la kufanya, kinavuta kila kitu pembeni kijaze nafasi. Hakuna aliyenenepa hapo. Angalia saa."

Nikaangalia saa ya ukutani iliyo juu ya vichwa vyetu. Ilikuwa yai. Yai lililolala.

Halafu akataka kurudisha namba zake. Nikamshika mkono, nikamwambia ngoja kidogo. Nilitaka nimtazame huyo mtoto mnene dakika moja tu zaidi. Nikakuelewa wewe na Jumapili zako. Na mimi ningeweza kuishi mbele ya kioo kile.

Sitakuandikia ninachokijua. Nimejaribu tangu jana na kalamu inakwama. Nakuomba ukaone mwenyewe, kabla ya tarehe ishirini, kabla hujashika kalamu ya msimamizi. Mwombe karani. Akibofya sehemu tupu ya kioo kwa kitufe cha kulia cha mausi, itafunguka orodha. Achague mipangilio ya kioo. Atakuta namba mbili, ya pembeni na ya chini. Azipandishe mpaka ile kubwa kabisa, ile ambayo mashine yenyewe inaipendekeza. Maandishi yatakuwa madogo, atalalamika, mwambie ni kwa muda tu. Kisha mfungue video. Msitazame watu kwanza. Tazameni saa. Ikiwa duara, ndipo unitazame mimi, halafu umtazame Bonge.

Ukimaliza usinikasirikie sana. Sasa hivi anakula. Hilo ni kweli, naapa. Anakula na kikohozi kimekwisha, na daktari ameniambia nimlete kupima uzito tu, si kulazwa. Umeona, kalamu imeshateleza.

Nilitaka upate cheti chako. Hakuna kingine.

Na sasa ni zamu yangu. Mume wangu hajawahi kukosa nafasi ya kuniandikia, hata siku ile alipoandika juu ya karatasi ya saruji. Mtunza stoo? Wewe, uliyelala na mashine ya kuchomelea kama mtoto? Nitumie picha nyingine. Safari hii laza simu, iwe pana, nione mikono yote miwili.

Kioo sijachukua. Vyote viwili bado viko kwa fundi.

Mkeo,
Mama Bonge


Kambini, 19 Aprili

Mama Bonge,

Naandika kwa kushoto. Vumilia.

Karani alikataa. Akasema nitampofusha. Nikamwambia nitambebea maji ya kuoga wiki nzima. Akakubali.

Namba zikapanda. Maandishi yakawa kama sisimizi. Tukafungua. Weusi ukaingia pande zote mbili, na katikati mkabaki nyinyi. Niliangalia saa kama ulivyosema. Duara. Karani akasema, "Kumbe miaka yote hii kioo changu kinageuza kila duara kuwa yai?"

Nikakuangalia wewe. Mifupa ya shingo inaonekana juu ya ua la kwanza la gauni. Umekaa umenyooka kama mtu anayepigwa picha ya kitambulisho. Halafu Bonge. Macho yamekuwa makubwa. Kichwa kimekuegemea, na mimi nilidhani ni uvivu wa shibe. Pale anaposema jina langu, sikuweza kumjibu. Mlinzi alitoka nje mwenyewe.

Karani hakuzirudisha namba. Amehamisha kiti karibu, sasa anasoma pua iko kwenye kioo.

Sikukasirika. Nitakasirika nikifika, kidogo, halafu basi.

Mkono: mwanzoni mwa mwezi wa tatu kipande cha chuma cha moto kilitoka kwenye koleo kikaniangukia. Vidole vitatu vinakunjika, viwili vinajifunza. Daktari wa kambi anasema vitarudi nikivizoesha. Nilishika simu wima kwa sababu ndivyo mkono ulivyobaki nje ya picha. Mpishi ndiye aliyenifundisha kuuficha hivyo. Unaona tulivyo, mimi na wewe.

Cheti walinipa tarehe ya mwisho wa mwezi huohuo wa tatu. Kiko ndani ya shati, kimeshaloa jasho. Kwa hiyo hujaniharibia kitu.

Sitasaini kesho. Nimemwambia msimamizi leo. Ameuliza sababu, nikamwambia saa iliyo juu ya mke na mwanangu ni duara. Amedhani nina homa.

Kuondoka ni mpaka wanipe karatasi ya ruhusa. Labda safari ijayo ya Honi, labda ile ya baada yake. Usikae dirishani.

Baba Bonge


Nyumbani, 3 Mei

Baba Bonge,

Nakaa dirishani. Nitakaa wapi tena?

Herufi zako za kushoto nimezibandika ukutani. Zinafanana na za Bonge akiiba kalamu. Nimekuwa na watoto wawili wanaojifunza kuandika.

Sijui kama barua hii itakukuta huko au mtapishana njiani. Naiandika iwe tayari, nikiona lori limekuja bila wewe nimkabidhi Honi. Nikiona umo, basi utaisoma jikoni ukiwa umevua viatu.

Bonge jana amepimwa. Nesi alimweka kwenye mizani, akaangalia, akamtoa, akamweka tena, akaniambia, "Mama, huyu anarudi." Leo amemlilia muuza ndoo wa watu mpaka majirani wametoka. Sijawahi kufurahia kelele namna hiyo. Nimelipanua gauni la maua kiunoni, langu mimi, maana na mimi nimeanza kula vizuri. Ukija utalikuta limejaa. Safari hii si kioo.

Nimeuliza pia habari ya vidole. Bi Mkubwa anasema atakuwa anakupa karatasi za kukunja bahasha, kidogokidogo, ni mazoezi mazuri kuliko kubana mpira. Na jirani wa chini anataka geti, amesema anasubiri mtu mwenye cheti, hana haraka. Nikamwambia huyo mtu yuko njiani na ana haraka ya wote wawili.

Na kioo nimechukua. Hiki hapa mezani, nakitazama huku nakuandikia.

Nilirudi kwa fundi nikamwambia, nifungie cha mraba. Akanitazama juu ya ile miwani ya waya. "Nilijua kazi itashinda. Lakini mlisema mnataka kuonana. Hiki ni chembamba, dada. Mtu wa tatu hapa haingii. Mzee wa kambini atakuonaje?"

Nikamwambia, atasimama nyuma yangu. Atasoma juu ya bega.

Alicheka mpaka akalazimika kuifuta miwani, akanipa na kipande cha kitambaa cha kupangusia. Nimeshachapa mtihani mmoja juu yake. Ukurasa unaonekana wote, kichwa mpaka miguu, na kila duara ni duara. Zile nguo za kitandani nimezirudisha kabatini leo asubuhi. Pamebaki patupu, lakini ni patupu pa kusubiri, si

Honi huyo. Si ile moja fupi. Ameishikilia honi haachii, mbwa wote wanabweka, na Bonge ameshashuka kwenye stuli kwa kuanguka na hajalia, anakwenda mlangoni.